Kubadilishana shamba si kuuza: kodi ingoje hadi pesa zionekane

Mfanyabiashara anayevuka Busia kila wiki na vitunguu, mayai au mahindi huzijua kodi za mpakani kama anavyojua bei ya soko. Anajua kwamba bidhaa za Jumuiya zilizo kwenye orodha, mzigo wake usipozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, hupita kwa utaratibu uliorahisishwa. Anajua dirisha la kuendea na karatasi ya kushika tangu marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walipokifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, Februari 24, 2018. Lakini kuna kodi moja ambayo wengi hawaijui mpaka siku inapowashika shati, nayo haihusu gunia wala katoni. Inahusu shamba.

Kwa watu wa mpakani, benki iliyo karibu kuliko zote ni ardhi. Faida ya msimu mzuri wa nafaka hununua ekari mbili Matayos, Nambale au Amukura kwa upande wa Kenya. Dabani, Osukuru au Mukuju kwa upande wa Uganda. Dagaa wakitoka vizuri, hupatikana ploti karibu na barabara kuu. Na mambo yakibadilika, ardhi hiyo mara nyingi haiuzwi. Hubadilishwa. Mwenye ploti karibu na kituo cha forodha amechoka na kelele za malori na anataka mahali pa kulima na kufuga. Mwenye shamba la ndani ana kijana anayetaka kujenga ghala la nafaka pale malori yanapopita. Hakuna kati yao mwenye pesa taslimu. Wanaitana, wazee wanakaa, mipaka inapimwa kwa hatua na baadaye kwa mashine, na kila mmoja anahamia kwa mwenzake. Ni biashara ya haki na ya zamani kuliko noti yenyewe.

Sheria haiioni hivyo. Nchini Kenya, Jedwali la Nane la Sheria ya Kodi ya Mapato, ambalo ndilo linalosimamia kodi ya faida ya mtaji, linasema mali imehamishwa pale inapouzwa, inapobadilishwa, au inapotolewa kwa njia yoyote nyingine, hata kama ni zawadi na hata kama hakuna malipo. Neno "kubadilishwa" limo mle ndani waziwazi. Uganda nayo, katika Sheria yake ya Kodi ya Mapato, inahesabu mali iliyobadilishwa sawa na mali iliyouzwa. Kwa macho ya mkusanya kodi, ploti iliyotolewa ili kupata shamba imeuzwa kwa bei ya lile shamba, na tofauti kati ya bei hiyo na gharama ya zamani ni faida. Kwamba hakuna hata shilingi moja iliyopita mkononi si hoja.

Chukua mfano wa mama mfanyabiashara aliyenunua ploti ndani ya manispaa ya Busia kwa shilingi za Kenya 1,200,000. Miaka imepita, mji umekua, mthamini anasema leo ploti ina thamani ya 4,200,000. Anaibadilisha na shamba la ekari sita lenye thamani hiyo hiyo huko ndani. Faida yake kwenye karatasi ni 3,000,000. Kodi ni asilimia 15, yaani shilingi 450,000, na ni yeye anayetoa ploti ndiye anayedaiwa, si anayeipokea. Hapo bado hajalipa mthamini, mpima ardhi, wakili, na ushuru wa stempu ambao kwa uhamisho wa ardhi Kenya ni asilimia 4 ndani ya manispaa na asilimia 2 nje yake. Hizo 450,000 zitatoka wapi? Zitatoka kwenye mtaji wa vitunguu, au kwa mkopeshaji wa riba ya mwezi, au atalazimika kuuza ekari moja ya shamba ambalo bado hajaliotesha hata mche mmoja.

Kabla ya Januari 1, 2023, mama huyo angedaiwa 150,000, kwa sababu kiwango kilikuwa asilimia 5. Sheria ya Fedha ya 2022 ndiyo iliyokipandisha mara tatu kwa mpigo mmoja. Kodi hii ina historia ya kuja na kwenda. Ilianza 1975, ikasimamishwa Juni 1985, ikalala takriban miaka 30, ikaamshwa Januari 1, 2015. Kizazi kizima cha watu wa Busia kimenunua, kimeuza na kimebadilishana ardhi bila kuisikia, na ndiyo maana wazee wengi wanaposimamia makubaliano hadi leo hawaitaji kabisa. Si kwamba wanaificha. Walijifunza kazi hiyo wakati ambapo haikuwepo.

Ni haki kusema kwamba sheria ya Kenya haikumsahau mkulima mdogo. Ardhi ya kilimo isiyofika ekari 50, ikiwa nje ya manispaa, mji uliotangazwa kwenye gazeti la serikali au eneo lililotajwa kuwa la mji, haitozwi kodi hii. Ardhi inayohamishwa na mtu binafsi kwa thamani isiyozidi shilingi milioni 3 haitozwi. Nyumba ambayo mtu ameishi mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuihamisha haitozwi. Uhamisho kati ya mume na mke, au kwa watu wa familia ya karibu, haumo. Mali ya marehemu inayouzwa katika kusimamia mirathi nayo hupona, mradi kazi ikamilike ndani ya miaka miwili tangu kifo, au muda zaidi ambao Kamishna ameruhusu kwa maandishi. Kila anayepanga kubadilishana ardhi aanze kwa kujipima hapo, maana wengi watakuta hawadaiwi chochote na hofu yao ilikuwa ya bure. Na wengine wametozwa "kitu kidogo" na madalali kwa ajili ya kodi ambayo haikuwapo.

Tatizo liko kwenye ukingo wa mji, na mpaka wa Busia kwa sasa ni ukingo wa mji kila upande. Shamba la mahindi likiwa ndani ya mstari wa manispaa linapoteza kinga ya ekari 50 hata kama jembe halijawahi kupumzika juu yake. Linabaki na kinga ya milioni 3 peke yake, na kiwango hicho hakijasogea tangu 2015 ilhali bei za ploti zimesogea sana, hasa baada ya kituo cha pamoja kufunguliwa. Ramani ya manispaa inachorwa na maofisa, mahindi hayaulizwi. Mtu analala mkulima na kuamka, kwa sheria, mmiliki wa ardhi ya mjini. Ni watu hawa hawa, wenye ekari moja au mbili karibu na barabara, ambao wafanyabiashara huwaendea na pendekezo la kubadilishana.

Linalochoma zaidi ni hili. Sheria hiyo hiyo ya Kenya inajua vizuri maana ya kubadilishana mali bila kuuza, ila imelijua jambo hilo kwa wakubwa. Kampuni inapoundwa upya, inapounganishwa na nyingine, inapogawanywa au kupangwa upya ndani ya kundi lake, kubadilishana mali kunakotokana na mpango huo kunaweza kusamehewa, kukitimiza masharti yaliyowekwa, kwa mfano kwamba kundi hilo limekuwapo kwa miezi isiyopungua 24 na mali haiendi kwa mtu wa nje. Hoja nyuma ya msamaha huo ni ya maana: mwenye mali hajavuna, amepanga upya tu vitu vyake. Basi ikiwa kampuni yenye mawakili inaweza kupanga upya mali zake bila kutozwa, wakulima wawili wa Teso Kusini wanaopanga upya mashamba yao wana kosa gani? Hawajavuna pia. Waliamka na ardhi, wakalala na ardhi.

Na serikali ya Kenya isijifanye mgeni katika jambo hili. Katika miaka ya 1950, chini ya mpango uliobeba jina la Swynnerton wa 1954, utawala wa kikoloni uliwakusanyia watu wa mkoa wa Kati vipande vyao vya ardhi vilivyotawanyika, vikabadilishwa kipande kwa kipande mpaka kila familia ikawa na shamba moja lenye hati. Nia na siasa za mpango huo, uliofanywa wakati wa hali ya hatari na wengi wakiwa kizuizini, ni mjadala mwingine mchungu. Lakini hati nyingi za Kenya zilizaliwa kutokana na kubadilishana ardhi, na hakuna aliyesema kubadilishana kule kulikuwa kuuza. Leo vipande vimerudi kuwa vidogo kwa sababu ya urithi, na njia ya watu wenyewe kuvikusanya tena kwa hiari imewekewa tozo ya asilimia 15.

Ng'ambo ya pili, Uganda ina mpangilio tofauti. Kwanza inauliza ardhi ni ya nini. Faida inayotokana na mali ya biashara huingizwa kwenye mapato ya biashara na kutozwa kwa viwango vya kawaida, na kwa kampuni hicho ni asilimia 30. Shamba la familia ambalo si mali ya biashara limekaa kwa miaka mingi nje ya hesabu hiyo. Swali gumu ni lini shamba linageuka kuwa biashara. Mwenye ekari tatu za muhogo wa kula yuko salama. Mwenye ekari thelathini za mpunga anaouza Kenya, au mwenye ploti yenye ghala Tororo mjini, asijidanganye: hiyo ni mali ya biashara, na akiibadilisha ajue atahesabiwa. Afadhali ni kwamba tangu 2021 Uganda inaruhusu gharama ya zamani ya mali iliyokaa zaidi ya miezi 12 irekebishwe kulingana na mfumuko wa bei, jambo ambalo linapunguza faida ya karatasi. Kenya ingefanya vyema kuliiga hilo kabla ya lingine lolote.

Lakini la kutazamwa zaidi katika sheria ya Uganda ni kifungu kifupi ambacho kinakaribia sana kile kinachohitajika. Mtu akipoteza mali bila hiari yake, na kile alicholipwa akakitumia kupata mali ya aina hiyo hiyo ndani ya mwaka mmoja, faida haihesabiwi kwa kadiri ya kiasi alichokirudisha. Haifutwi, inangoja. Mali mpya inarithi gharama ya ile ya zamani, na siku itakapouzwa kwa pesa, hesabu ya tangu mwanzo inafanywa. Huko ndiko kuahirisha kodi. Tanzania nayo ina kanuni ya aina hiyo katika Sheria yake ya Kodi ya Mapato ya 2004, nayo pia kwa mwaka mmoja.

Kwa watu wa Tororo, kifungu hicho kimekuwa habari ya mlangoni. Novemba 21, 2024, Rais Museveni alizindua hapo Tororo ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272, kazi waliyopewa Yapı Merkezi wa Uturuki mwezi mmoja kabla. Reli haipiti hewani. Inapita kwenye migomba, kwenye maduka, kwenye ghala za watu. Katiba ya Uganda, katika ibara ya 26, inataka fidia ya haki na ya kutosha ilipwe kwanza, kabla ardhi haijachukuliwa. Mwenye kampuni aliyenunua ploti na kujenga ghala kwa jumla ya shilingi za Uganda milioni 60, akalipwa fidia ya milioni 180, ana faida ya milioni 120 kabla ya marekebisho ya mfumuko wa bei. Kwa asilimia 30 hiyo ni kodi ya milioni 36. Akitumia fidia yote kupata ploti na ghala lingine ndani ya mwaka, kodi hiyo inangoja. Akinunua gari la abiria, kodi ni ya sasa. Akirudisha nusu kwenye ghala na nusu akalipia karo na harusi, ile nusu iliyokwenda kwingine haina kinga.

Wangapi kati ya walioguswa na reli wameambiwa hivyo? Mthamini wa serikali huja na fomu ya miti na kuta. Haji na fomu ya kodi. Ofisi za wilaya na Mamlaka ya Mapato ya Uganda zina wajibu wa kuketi pamoja na kila anayelipwa fidia ya mali ya biashara na kumwambia siku yake ya kwanza na ya mwisho ya huo mwaka mmoja. Hapo pia ndipo penye udhaifu wa kifungu. Saa inaanza kugonga mali inapotoka, si pesa zinapoingia. Mtu anaweza kupoteza miezi akisubiri benki, miezi mingine akitafuta ardhi isiyo na kesi, kisha akakutana na muuzaji ambaye hati yake iko kwa jina la babu aliyefariki. Mwaka umekwisha. Uingereza, kwa mali za biashara zinazobadilishwa, inampa mtu tangu mwaka mmoja kabla ya kuuza hadi miaka mitatu baada yake. Marekani inatoa miaka mitatu kwa ardhi ya biashara iliyotwaliwa na serikali. Nchi ambayo kupata hati safi ni kazi ya miezi mingi haina sababu ya kuwa na muda mfupi kuliko hizo.

Marekani ndiyo imekwenda mbali kuliko wengi katika kubadilishana kwa hiari. Tangu 1921, sheria yake imekubali kwamba anayebadilisha ardhi ya biashara au uwekezaji kwa ardhi nyingine ya namna hiyo hadaiwi kodi ya faida siku hiyo. Wakulima wa huko hulitumia sana jambo hili kusogeza mashamba yao karibu na nyumbani au kuhamia kwenye udongo bora. Masharti ni makali: kama kubadilishana kunapitia kwa mtu wa tatu anayeshika pesa, mkulima ana siku 45 za kutaja ardhi anayoitaka na siku 180 za kuipokea, na pesa zozote zilizoongezwa ili kusawazisha thamani hutozwa mara moja. Tangu 2018 unafuu huo umebakizwa kwa ardhi na majengo tu. Mashine na mifugo vimeondolewa. Na ardhi ya Marekani haiwezi kubadilishwa kwa unafuu huo na ardhi ya nchi nyingine.

Hata hivyo utaratibu wa Marekani usinakiliwe wote. Huko, matajiri wa majumba hubadilisha na kubadilisha hadi wanapokufa, na kwa kuwa warithi wao huhesabiwa thamani ya siku ya kifo, kodi iliyokuwa ikingoja huyeyuka. Unafuu wa mkulima umekuwa mlango wa nyuma wa wenye maghorofa. Hazina za Nairobi na Kampala zina haki ya kuogopa hilo, na wanaotetea unafuu wakijifanya hatari haipo hawatasikilizwa. Mpakani kuna walanguzi wa ardhi wanaojua habari za barabara kabla tingatinga halijafika. Wao wasipewe silaha mpya.

Kuna hatari nyingine iliyofichika zaidi, ambayo mfano wa mama wa Busia unaionyesha. Yeye anatoa ploti ya mjini inayotozwa, anapokea shamba la ekari sita lililo nje ya manispaa, ambalo kwa kawaida halitozwi. Kodi yake ikiahirishwa tu bila kuandikwa popote, siku atakapoliuza shamba hilo litakuwa na kinga ya ekari 50, na zile 450,000 hazitalipwa kamwe. Dawa ipo na si ngumu: faida iliyoahirishwa iandikwe kwenye kumbukumbu za shamba jipya, na idaiwe siku shamba hilo litakapouzwa kwa pesa hata kama lenyewe lingekuwa huru. Mwenzake aliyetoa shamba hana shida hiyo. Hadaiwi leo, na kwake ni afadhali ploti aliyopokea ihesabiwe gharama ya 4,200,000. Ndiyo maana unafuu huu uwe wa kuombwa, si wa lazima. Anayeutaka ajaze fomu, asiyeutaka afuate sheria ya kawaida.

Mipaka mingine ya unafuu tayari imo ndani ya sheria, haina haja ya kubuniwa. Uwe wa watu binafsi. Uwe wa ardhi isiyozidi ekari 50, kipimo ambacho Kenya inakitumia. Ardhi zote mbili ziwe zinatumika kwa kilimo au kwa biashara ya mwenyewe, si kushikwa zikingoja bei. Thamani ithibitishwe na mthamini aliyesajiliwa. Na nyongeza ya pesa itozwe papo hapo: kama shamba la mmoja lina thamani ya milioni 5 na ploti ya mwingine milioni 4.2, yule anayepokea 800,000 juu ana pesa mkononi na hawezi kusema hana cha kulipia.

Linabaki swali ambalo wasomaji wengi wa pande hizi wangeuliza la kwanza: je, shamba la Busia Kenya na shamba la Tororo? Wateso wako pande zote mbili. Wasamia wako pande zote mbili. Mwaka 1902 ndipo Waingereza walipoukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya, na mstari uliotokana na mikato hiyo ukapita katikati ya koo zilizokuwa zikioana. Bado zinaoana. Huku ndiko neno bodaboda lilikozaliwa, kwa baiskeli zilizobeba watu kutoka kizuizi kimoja hadi kingine. Mjomba yuko Mukuju, mpwa yuko Amagoro, na kila mmoja ana kipande cha urithi upande wa mwenzake.

Jibu la sheria kwa sasa ni hapana. Katiba ya Kenya, ibara ya 65, inamruhusu asiye raia kukodi ardhi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Na kwa ardhi ya kilimo ni vigumu zaidi: Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 inaitaka bodi ya eneo ikatae kuuza, kuhamisha, kukodisha au kubadilishana ardhi ya kilimo na mtu asiye raia, labda Rais atoe ruhusa maalumu. Uganda nayo haimruhusu mgeni kushika ardhi ya umiliki kamili wala mailo; anaweza kukodi, kwa muda usiozidi miaka 99, na ukodishaji wa zaidi ya miaka mitano lazima usajiliwe. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyosainiwa Novemba 20, 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010, haikubadili neno hapo. Ibara yake ya 15 inasema wazi kuwa ardhi itasimamiwa na sera na sheria za kila nchi. Mkataba wa Jumuiya wa kuzuia mtu kutozwa kodi mara mbili, uliosainiwa Novemba 2010, umekaa zaidi ya miaka kumi bila kuanza kutumika.

Kwa hiyo watu hufanya wanavyoweza. Shamba la Kenya linaandikwa jina la mpwa, la Uganda jina la mjomba, na karatasi ya makubaliano yenye sahihi ya mwenyekiti wa LC1 na mzee wa mtaa inahifadhiwa ndani ya Biblia au chini ya godoro. Inafanya kazi wakati wote wawili wako hai na wanasalimiana. Mmoja akifa, watoto wake wanakuta hati yenye jina lao na mgeni shambani. Hata kati ya raia wawili wa Kenya, kubadilishana ardhi ya kilimo bila idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, inayotakiwa kuombwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano, ni batili kwa sheria. Anayekwepa bodi ili akwepe kodi huenda amepoteza shamba lote ili kuokoa asilimia 15 ya faida. Kwa familia zenye watu wa pande mbili, njia iliyo halali leo ni uraia pacha, ambao nchi zote mbili sasa zinauruhusu kwa wanaostahili, na kila mmoja ashike ardhi kwa jina lake. Ni njia ya gharama na ya foleni, lakini hati yake haigombaniwi msibani.

Kuitaka Jumuiya ifungue ardhi yote ya kilimo kwa raia wote ni kutaka vita, na si lazima. Hofu ya watu kuhusu ardhi ina sababu. Kinachowezekana ni kidogo zaidi: kwa ndugu walio na urithi uliothibitishwa na mahakama au na hati ya umiliki wa kimila katika wilaya na kaunti za mpakani, nchi mbili zikubaliane kwamba kubadilishana vipande vyao, kila mtu akiishia na ardhi ndani ya nchi yake mwenyewe, kusihesabiwe kuwa kuuza. Hakuna mgeni anayepata ardhi katika mpango huo. Kinyume chake, wageni wawili wanaacha kuishikilia kwa mlango wa nyuma. Ibara ya 32 ya Itifaki ya Soko la Pamoja inazitaka nchi wanachama ziendelee kuoanisha sera na sheria zao za kodi, na hapa pana jambo dogo la kuanzia.

Bajeti za Kenya na Uganda husomwa Juni, na kabla ya hapo kamati za fedha za mabunge yote mawili hupokea maoni. Nchini Kenya ushirikishwaji wa umma katika mambo ya fedha ni sharti la Katiba, na baada ya Mswada wa Fedha wa 2024 kuondolewa Juni 26 mwaka huo, hakuna mbunge anayethubutu kuuchukulia kama desturi tupu. Vyama vya wafanyabiashara wa Busia na Malaba hupeleka kila mwaka malalamiko kuhusu vizuizi vya barabarani, ukaguzi wa mahindi na bei za kuegesha malori. Mwaka huu viongeze ukurasa mmoja. Kwa Nairobi: kifungu cha kuahirisha kodi kwa watu binafsi wanaobadilishana ardhi ya kilimo au ya biashara ndogo, gharama ya zamani ikifuata ardhi mpya, pamoja na kukitazama upya kile kiwango cha milioni 3. Kwa Kampala: muda wa kurudisha fidia uwe miaka mitatu badala ya mmoja, na uhesabiwe tangu siku pesa zilipoingia. Watakaoandika ukurasa huo wapeleke na mfano mmoja wa hesabu halisi kutoka kwa mwanachama aliyekubali hesabu yake isomwe mbele ya kamati, yenye thamani ya ploti, gharama yake ya kwanza, na kodi aliyodaiwa siku ambayo hakupokea hata senti.